Siku Niliyolipiga Mnada Boksi la Doris

Mimi ndiye niliyeliuza. Nalisema mapema kabla hamjasimuliwa na watu wa Mwika, maana wao wakisimulia huongeza chumvi, na wapo wanaodai eti nilikuwa nimeonja pombe ya mbege kabla ya ibada. Uongo mtupu! Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na kiazi kimoja. Nililiuza boksi la mtoto wa Eliona nikiwa na akili zangu zote, mbele ya kanisa, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya korongo.

Jina langu ni Yuditha, na kazi yangu katika usharika wetu ni kunadi. Kwetu asiye na fedha ya sadaka huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, kibuyu cha maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha vitu vinapangwa kwenye meza nje, mimi nasimama kwenye ngazi za kanisa, nauza. Mwingine ananunua kitu halafu anakirudisha ili kiuzwe tena na Bwana apate zaidi. Kazi hii inataka mdomo, na mdomo ninao, hilo hata wasionipenda hawabishi.

Lakini habari hii ni ya Eliona, mtoto wa kaka yangu, na ili muelewe nilimkosea nini lazima nianze naye mbali kidogo.

Eliona alikuwa karani wa chama chetu cha msingi cha kahawa tangu mwaka 1984. Ndiye aliyekaa kwenye mizani. Ukimpelekea kahawa ambayo haijakauka vizuri anakurudisha nayo nyumbani, hata kama wewe ni shangazi yake. Mimi alinirudisha mara mbili, na mara ya pili sikumsemesha mwezi mzima. Watu walimchukia wakati wa msimu na kumsifu msimu ukiisha, kwa sababu hakuwa anaiba.

Ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huru. Maduka ya Moshi yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni, redio na mitumba, tukafurahi. Kisha ruhusa ikafika mpaka kwenye kahawa: wanunuzi binafsi wakaja na magari yao mpaka mlangoni, wanapima hapohapo, wanalipa hapohapo. Nani angebeba gunia mpaka chama? Mimi mwenyewe niliwauzia, siwezi kujifanya malaika. Mwaka 1996 chama kikapunguza watu, na Eliona akawa wa kwanza. Badala ya kiinua mgongo walimpa taipureta kuukuu yenye herufi R inayonata.

Mwingine angekaa kilabuni akalia. Yeye alishuka nayo mjini Moshi, akapata pembe ya baraza karibu na stendi, akaanza kupiga chapa barua za watu. Miaka mitatu baadaye alikuwa na chumba kidogo na kompyuta moja ambayo mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimuuzia kwa bei ya huruma. Wapagazi wa mlimani walikuwa wanamlipa awaandikie barua kwa wageni waliowapandisha, kwa Kiingereza kizuri cha kuomba viatu.

Hapo ndipo Amazon ilipoingia kwenye ukoo wetu. Dada yake Grace, anayeishi Marekani, Minnesota, ambako ni baridi mpaka maziwa yanaganda, alimtumia kitabu kinene cha kutengeneza kompyuta. Eliona akamuuliza amekipata duka gani. Grace akamwambia hakutoka hata mlangoni, amekiagiza kwenye mtandao, kimeletwa nyumbani. Basi, tangu siku hiyo mtoto wa kaka yangu hakuwa na habari nyingine. Alikisoma kitabu mpaka kikaachia gundi, na lile duka likawa kama timu yake ya mpira.

"Shangazi, mwenyewe alianzia kwenye gereji ya nyumba yake," aliniambia Krismasi ile. "Alikuwa anauza vitabu tu. Sasa wanauza na muziki."

"Duka halina mlango," nikamjibu. "Nitapunguziwaje bei nisipomwona muuzaji usoni?"

"Hupunguziwi, shangazi. Bei imeandikwa."

"Basi hilo siyo duka, hiyo ni serikali."

Kila alipopanda Mwika alikuja na taarifa. Wameanza kuuza vitu vya kuchezea watoto. Wameanza kuuza nyundo na misumeno. Sasa hata mtu mwingine anaweza kuuza vyake humo humo ndani ya duka lao. Mwaka 2001 alikuja amenuna, nikadhani amefiwa, kumbe amesoma kwamba Amazon nayo imepunguza watu. Alisikitika kweli kweli, akala mtori wa ndizi kidogo tu. Mwaka uliofuata akaja anacheka, wameanza kuona faida. Vijana wa pale stendi wakampa jina la Eliona Amazon, na wengine wakamwita Mwenyekiti wa Tawi. Aliitika. Na yeye alikuwa anakua: kompyuta tatu sasa, laini ya simu ya mtandao, watu wamepanga foleni kusoma barua zao.

Nilimtania sana, Mungu anisamehe. Nilimwambia anashangilia utajiri wa mtu asiyejua hata kama Mwika ipo.

Halafu Doris akaugua. Ndiye mtoto wao wa pekee, yeye na mkewe Ruth, walimpata wakiwa wamekwisha kata tamaa. Alikuwa na miaka saba. Alianza kunywa maji bila kushiba, akakonda, tukasema minyoo. Siku moja akaanguka, na hospitali wakasema ni kisukari. Mtoto! Mimi nilidhani kisukari ni cha wazee wenye vitambi. Daktari akasema atachomwa sindano kila siku maisha yake yote, na kwamba sindano ikizidi, sukari itashuka mno, na hapo mtoto anaweza kulala asiamke.

Neno hilo, asiamke, lilimwingia Ruth na halikutoka. Kupima damu ilikuwa lazima waende hospitali, na hospitali huendi mara nne kwa siku. Duka moja mjini lilikuwa na kipimo cha nyumbani lakini bila vijiti vya kupimia, lingine lina vijiti vya kipimo kingine. Kwa hiyo Ruth alimpima kwa mkono. Usiku aliamka kila baada ya muda, anampapasa shingoni kama anatoka jasho, anamtikisa, anamnywesha maji ya sukari kijiko kimoja, hajui kama anamponya au anamwongezea. Mwaka mmoja na nusu hivyo. Alikonda kuliko mgonjwa. Alikuwa anasinzia amesimama, akijisikia anaanguka anashtuka na kuita, "Doris!" Nilimwambia nitakuja tupokezane. Akasema, "Shangazi, wewe ukilala huamki hata kwa radi." Ilikuwa kweli.

Mwishoni mwa 2003 Eliona akanipigia simu.

"Shangazi, wameanza kuuza vitu vya afya."

"Nani?"

"Amazon. Kipimo kipo. Na vijiti vyake vipo. Grace ameshaagiza."

Sikumtania siku hiyo. Miaka yote lile duka lilikuwa linakua huko kwao, linaongeza hiki na kile, na sisi linatuhusu nini? Kumbe lilikuwa linakuja polepole mpaka kwenye shingo ya Doris. Nilikaa chini nikalia kidogo, kisha nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kipimo kingeletwa na wageni. Usharika wetu una marafiki huko Minnesota, na kila mwaka wanakuja na masanduku ya zawadi. Grace alilielekeza boksi moja kwa moja kwa bibi mmoja wa msafara ule, alibebe. Ijumaa kabla hawajafika Eliona alinipigia tena. "Shangazi, mgeni mmoja atakuja na mzigo wa Doris. Ukiupokea, uuweke mahali salama. Jumapili tukitoka kliniki kuonana na daktari wa zamu tutapanda kuuchukua."

"Usijali, baba," nikasema. "Umefika."

Mnaona kosa langu? Aliposema mzigo, mimi nilitegemea mzigo. Kitu cha kutoka Marekani, cha kuokoa maisha, nilikiona kichwani kina ukubwa wa cherehani angalau. Na nilitegemea mgeni atakuja nyumbani kwangu amekibeba, aulize Yuditha ni nani. Nilifagia uwanja.

Jumamosi wageni wakafika, tukawaimbia, zawadi zao zikaingizwa kanisani. Usiku ule tumbo likamkataa yule bibi, na Jumapili hakutoka kitandani nyumbani kwa mchungaji. Mwinjilisti wetu akakuta juu ya masanduku boksi dogo la kahawia, limefungwa kwa gundi, lina jina la kizungu na halina jina la mtu wetu. Akafikiri jambo ambalo yeyote wa usharika wetu angefikiri: mgeni ametoa sadaka. Akalipeleka kwenye meza ya mnada, akaliweka kati ya mayai na mkungu wa ndizi mshare.

Na kwetu kitu kikishakaa kwenye meza ile, hakiulizwi kimetoka wapi.

Yesu wangu, nilivyolinadi, bila hata kulisoma ubavuni! "Boksi la Marekani! Halijafunguliwa! Limepanda ndege ambayo wewe hujapanda! Nani atalala leo bila kujua lina nini?" Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee Ebenezeri, ambaye hajawahi kutoa zaidi ya mayai mawili, akapandisha bei kwa kumkomoa shemeji yake, akashinda. Kisha akasimama kifua mbele, akasema, "Nalirudisha kwa Bwana. Liuzwe tena!" Makofi. Nikaliuza tena. Mara hii alilichukua Dominika, mama wa duka kule Himo. Dominika ni Mkatoliki, lakini akitoka misa ya kwanza kwao anawahi mnada wetu kununua ndizi. Nikapiga meza mara tatu, akaondoka nalo kwenye kapu.

Kwa hiyo sikuliuza mara moja. Nililiuza mara mbili.

Saa nane hivi Eliona akafika nyumbani na Ruth na mtoto. Doris alikuwa mbele, ana kitambaa kwenye mkono walipomtoa damu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama yangu. Karibuni, karibuni."

"Shikamoo, shangazi," Eliona akasema. Hakungoja hata nimjibu. "Amekuletea?"

"Hakuna mgeni aliyekuja hapa na mzigo. Nimefagia mpaka uwanja."

"Labda ameupeleka kanisani. Ni boksi dogo la kahawia, ubavuni limeandikwa Amazon."

"Dogo kiasi gani?"

Akanionyesha kwa mikono. Niliitazama ile nafasi kati ya viganja vyake.

"Eliona," nikasema, "nimeliuza."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Ningependa wangenitukana. Eliona alibaki na mikono yake hewani. Ruth alikaa chini pale pale kwenye majani, na gauni lake la kwendea mjini, akaniuliza polepole, "Shangazi, umekiuza?" Mwaka mmoja na nusu alikuwa anahesabu siku za kukipata. Nikaona macho yake yalivyo mekundu, nikajichukia. Nikasema, "Kaa hapo na mtoto. Nisipokirudisha, usiniite shangazi tena." Nikavaa viatu, nikamvuta Eliona mkono.

Pikapu ya maziwa ilikuwa inashuka, tukajirusha nyuma kati ya madebe. Njia nzima hadi Himo Eliona alikuwa anasema peke yake: kama amelifungua, kama amevimwaga vijiti, kama vimepigwa na jua. "Vijiti vikiingia unyevu basi, shangazi. Havifai tena." Nilimwambia anyamaze kwa sababu mimi nilikuwa naomba.

Duka la Dominika lipo karibu na njia panda. Kitu cha kwanza tulichokiona kwenye kaunta ni lile boksi, limekatwa juu, limejaa vitunguu. Eliona alishika nguzo.

"Yuditha!" Dominika akaita kwa furaha. "Umekuja kuniuzia lingine? Hilo lako lina saa mbovu."

"Saa gani?"

Akageuka, akaonyesha kwenye rafu, katikati ya sabuni na viberiti. Kidude cha kijivu, kina kioo kidogo, kimesimamishwa vizuri kabisa ili wateja wakione. "Kila nikiibonyeza inasema saa sita. Natoka mnadani, saa sita. Nakula, saa sita. Halafu inazima yenyewe. Kwa Wamarekani ni saa sita mchana siku nzima, ndiyo maana wana hela?"

"Dominika, na kichupa?" Eliona akauliza. "Kulikuwa na kichupa kidogo, vijiti vimo humo."

"Kile cha vidonge? Mume wangu alitaka kukijaribu, mgongo unamsumbua. Nikamwambia mwanaume wewe, usimeze usichokijua, ngoja kesho tuulize duka la dawa." Akafungua droo ya fedha, akatoa kichupa. Mkanda wa mfuniko ulikuwa haujakatwa. Akatoa na sindano zake za kuchomea kidole kwenye mfuko, zote.

Eliona alikichukua kwa mikono miwili. Mtu mzima yule, aliyenirudisha na kahawa yangu bila kupepesa macho, alilia mbele ya wateja. Ikabidi mimi nieleze, mtoto, sindano, mama yake asiyelala. Dominika alisikiliza amefunika mdomo kwa kanga. Nilipomaliza alikwisha kumwaga vitunguu sakafuni, anarudisha kila kitu kwenye boksi, anafuta kidude kwa upindo wa kanga yake, anajilaumu.

Nikatoa fedha nimrudishie alichotoa mnadani. Akanikazia macho.

"Fedha nilimpa Mungu. Wewe Yuditha unanirudishia kwa mamlaka gani?"

"Lakini ni fedha ya..."

"Ondoka dukani kwangu, mtoto anangoja."

Nimemnadia mtu yule miaka kumi, nikidhani anachofuata kwetu ni ndizi za bei poa. Nilimkumbatia pale pale, akanisukuma niwahi.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja, jua bado lipo juu ya migomba. Ruth alikuwa amekaa pale pale kwenye majani, Doris amelala kifudifudi pembeni anachora ardhini kwa kijiti. Ruth alitazama mikono ya Eliona kwanza, akaona boksi, akafumba macho.

Eliona akasoma maelezo yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiingereza chake cha kile kitabu. Nilitaka kumpiga kofi aharakishe. Kisha akamshika Doris kidole, akamchoma. Mtoto hakulia, amezoea sindano kubwa kuliko hiyo, alikuwa anashangaa tu. Tone moja likagusa kijiti. Kidude kikaanza kuhesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu, na sote tukahesabu nacho kwa sauti kama watoto wa shule ya Jumapili.

"Mia moja na thelathini na mbili," Eliona akasoma.

"Ni nyingi?" Ruth akauliza. "Ni kidogo? Sema basi!"

Akatoa karatasi ya daktari mfukoni, akaweka kidole. "Ni nzuri. Mama Doris, ni nzuri. Ipo katikati."

"Una hakika?"

"Imeandikwa hapa."

Ruth akachukua kidude, akakitazama mwenyewe. Akauliza kama wanaweza kupima tena kabla mtoto hajalala. Wanaweza. Na akiamka? Wanaweza. Kwa hiyo akimwona anatoka jasho hahitaji kubahatisha, anachoma tu na kujua? Ndiyo. Akarudia, "Na kujua." Akavuta pumzi moja ndefu, akaingia ndani. Nikaenda jikoni kuchochea moto, nimpikie mtoto kitu, nijione kidogo nina faida.

Niliporudi na sahani nilimkuta Ruth kwenye kochi langu, na viatu miguuni, mkoba umemlalia kifuani, mdomo wazi. Niliangusha kijiko, hakushtuka. Jogoo akawika dirishani, hakushtuka. Eliona alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia, hajui amfunike au asimguse. Doris akaja kwa vidole vya miguu, akainama, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyegundua jambo kubwa.

"Bibi," akaninong'oneza, "kumbe mama huwa anakoroma."